Kwa Nini Hezron Hakuja Desemba

Mtaa wa Baghdadiyah,
Jeddah.
Ijumaa, 16 Januari

Mpendwa Mama Mdogo Eucabeth,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Jeddah, ambako mwezi huu wenyeji wamevaa makoti na kutuambia ni baridi, nasi tunaitikia kwa adabu huku tukitokwa jasho. Mimi mwanao Elly ni mzima. Bado nalinda lile duka la samani, na mpaka leo hakuna aliyejaribu kukimbia na kabati.

Mguu wako unaendeleaje? Dada yetu Valary aliniambia sasa unakwenda kanisani bila mkongojo, na kwamba mkongojo wenyewe umeupa kazi ya kufukuza kuku wa jirani. Nimefurahi kwa yote mawili. Viazi vimetoka vizuri msimu huu? Na yule ng'ombe mwekundu, ameacha tabia ya kumwaga maziwa akishamaliza kukamuliwa? Nitafurahi kusikia mpo salama hapo Oyugis.

Barua hii utaipata mkononi mwa Maryann, msichana wa Kosele anayefanya kazi kwa madam mmoja kule Al-Safa. Anakuja likizo. Mpe chai, na usimuulize habari za Hezron maana hajui kitu. Simu ingekuwa rahisi zaidi, lakini Valary anasema simu ikiita na ukaona ni namba ya huku, unaigeuza uso chini kama mtu anayefunika ugali. Tena hata ungeishika, ukuta kati ya kitanda changu na cha Hezron ni ubao mwembamba, na haya nisemayo amenikataza kukwambia.

Najua una hasira naye, na una haki. Mliweka siku ya kulijengea kaburi la Baba Mdogo Nahashon. Wazee wakasema lazima kifungua mimba awepo. Mkaagiza viti, mkaongea na mchungaji, mkanunua saruji. Hezron akasema anakuja, kisha akapiga simu akasema bosi amekataa kumpa likizo. Saruji ikaganda kwenye mifuko. Na sasa naambiwa hapo sokoni watu wanasema mwanao ameoa Mhabeshi na amesahau kwao.

Hakuna Mhabeshi, Mama. Na bosi hakukataa. Likizo alipewa, mwezi mzima. Nataka ujue mwezi huo ulikwenda wapi, kwa sababu kuna msiba umetufika juzi, si wa damu yetu, usishtuke, lakini umemlaza Hezron akitazama ukuta, na mtu pekee anayeweza kumgeuza ni wewe.

Nianze na mzee mmoja wa Pakistani tuliyekuwa tukiishi naye. Jina lake ni Ashfaq, fundi wa viyoyozi, lakini kwao mtu wa umri wake huitwa Chacha, yaani baba mdogo. Siku tuliyohamia hapa tukaambiwa mzee wa chumba ni Chacha. Mimi nikadhani ni Mkuria, maana kwao jina hilo limejaa, nikamuuliza habari za kwao Kehancha. Hezron yeye alifunua sufuria ya maharagwe akanusa. Mzee alicheka mpaka akakaa chini, ingawa hakuelewa hata neno. Tangu hapo akawa wetu.

Chacha alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kriketi. Sisemi ile ya haraka ya jioni moja. Ya kwake ilikuwa ile ya siku tano inayoitwa test. Wanaume wazima wanavaa nyeupe kama wanaokwenda kubatizwa, wanasimama juani, wanatoka kwenda kula, wanarudi, wanatoka kunywa chai, na siku ya tano pengine hakuna aliyeshinda. Nilimuuliza kama huu ni mchezo au ni kazi ya serikali.

Nikueleze kidogo tu, maana bila hilo hutaelewa yaliyobaki. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa ubao, na waliotawanyika uwanjani kazi yao kubwa ni moja. Mpira ukiruka juu, udakwe kabla haujagusa ardhi. Ukidakwa, mpigaji anatoka. Ukiangushwa, anabaki, na mtu aliyebaki kwa kosa lako anaweza kukaa pale siku mbili akikuadhibu mbele ya nchi nzima.

Na timu ya taifa ya Pakistani, Mama, siku hizi haidaki. Mimi si msomi wa mambo haya, nimejifunza nikiwa nimekaa juu ya ndoo, lakini macho ninayo. Wapo wale wanaojipanga nyuma ya mpigaji, wameinama, viganja wamevikunjua kama wanaongoja sadaka. Mpira unawafikia palepale, laini kabisa. Unaingia, unatoka. Kisha wanatazamana, kila mmoja akimtafuta aliyeuangusha.

Chacha alikuwa akituambia kwamba zamani waliogopwa. Waingereza wenyewe, wenye mchezo, walikuwa wakirudi kwao wakiwa wamenyamaza. Sasa wanachapwa nyumbani kwao mbele ya mama zao. Ule mwaka waliposhindwa na Bangladesh, kinyozi wetu wa ghorofa ya chini, ambaye ni mtu wa huko, alipanda ngazi na sahani ya vitamu vya maziwa, akaiweka mbele ya Chacha kwa heshima zote. Chacha akala kimoja kimoja mpaka sahani ikaisha. Akamrudishia akisema, "Nyinyi angalau mnajua kushika sahani."

Sisi naye hakutuacha. Alijua kwamba Kenya tuliwahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, mwaka ule wa 2003. Leo ukimuuliza mtoto yeyote hapo Oyugis kriketi ni nini atakwambia ni mdudu. Basi kila akikasirishwa na watu wake alitugeukia sisi, akauliza ile nusu fainali tuliipeleka wapi. Hezron alikuwa na jibu moja tu: "Tuliiangusha, Chacha."

Jambo lingine lake lilikuwa hili. Siku za kazi hakuwa na nafasi ya kutazama, kwa hiyo aliziangalia mechi hizo Ijumaa, zikiwa zimekwisha wiki nyingi. Matokeo anayajua. Siku na saa ya kila mpira ulioangushwa anaijua. Hata hivyo mpira ukiruka, anainuka kitini na kunyoosha mikono, akitumaini kwamba safari hii watadaka. Tulimcheka sana kwa hilo. Mimi sasa simcheki.

Asubuhi za Ijumaa walicheza wenyewe kule Ruwais, kwenye uwanja uliobaki nyumba zilipobomolewa, kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe. Hezron alijiunga nao. Na hapo ndipo lilipoanza lile neno ambalo wewe utalielewa kuliko Mwarabu na Mpakistani wote.

Mpira ukiwa juu na watu wawili wanaukimbilia, lazima mmoja apige kelele kwamba ni wake, ili mwenzake amwachie. Wapakistani husema "mera", yaani wangu. Siku ya kwanza mpira uliruka, Chacha akapiga kelele, "Mera!" Hezron akasikia lile letu lenye maana ileile, tunalosema nyumbani tukigombea paja la kuku, "Mara!" Akadhani mzee anamtania kwa Kijaluo. Naye akajibu "Mara!" bila kupunguza mwendo. Waligongana vichwa kama mbuzi dume. Mpira ukaanguka katikati yao, ukatulia pale. Walipozinduka na kuelewana, wakakaa mavumbini wakifundishana. Mera. Mara. Chacha alishangaa kwamba watu waliotengana kwa bahari nzima wamekubaliana juu ya jambo moja tu, kudai chao.

Kutoka siku hiyo ikawa ndiyo salamu yao. Nyama iliyobaki ni mera. Zamu ya bafu ni mara. Nilizoea kuamka kwa ugomvi huo.

Sasa nifike kwenye Ijumaa yenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, baada ya chakula. Chacha ametoka msikitini, ameketi na gilasi yake ya chai, na simu imeegemezwa kwenye mkebe wa sukari. Ni mechi ileile aliyokwisha kuiona. Jamaa wakaangusha wa kwanza. Wakaangusha wa pili. Wa tatu ukaja mwepesi kabisa, hata mimi ningeudaka kwa kofia, nao wakauangusha. Chacha akainuka awatukane. Gilasi ikamtoka mkononi, ikapasuka sakafuni.

Hezron akasema, "Chacha, hata wewe? Ngoja wakuite timu ya taifa."

Chumba kizima kilicheka. Na mimi nilicheka. Chacha akafungua kinywa ajibu, na maneno yakatoka yamelala, yameviringana. Sisi tukacheka zaidi, maana alikuwa na mchezo wa kuiga watangazaji, na tulidhani anamwiga mtangazaji aliyelewa. Alivyohangaika zaidi, ndivyo tulivyozidi kumsifu. Mmoja alipiga makofi.

Wa kwanza kunyamaza alikuwa Hezron. Aliona mzee haitazami simu tena. Anautazama mkono wake wa kulia, jinsi unavyomtazama mtu aliyeingia chumbani bila kubisha hodi.

Kilikuwa kiharusi. Tulimbeba ngazi hadi chini, kinyozi akaacha mtu na nusu ya ndevu akaleta gari. Daktari hakutulaumu. Aliuliza tu ilianza saa ngapi, na katika watu wazima sita hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujibu.

Alipona kwa kiasi cha kutoka hospitalini, lakini upande wa kulia ulikufa, na maneno yakaisha. Yote, isipokuwa moja. Daktari alisema hutokea hivyo, maneno yamo ndani ila njia imeziba, na pengine linabaki moja linalojua kupita. Chacha alibakiwa na "mera". Akitaka maji, mera. Akikataa maji, mera. Mkewe akipiga simu kutoka Sialkot akilia, alimwambia mera, mera, na kwa kweli hapo hapakuhitaji mkalimani.

Tatizo likawa nani atamtunza. Ana mwana mmoja, Waqas, anafanya kazi kiwandani Riyadh. Kampuni ya Waqas ilikubali kumwachia ampeleke mzee kwao, na tiketi zingetoka Riyadh, lakini si kabla ya mwisho wa Desemba. Huo ulikuwa mwezi mzima wa kumwosha mtu, kumlisha na kumgeuza asitoke vidonda, na sisi sote tuna makafili wetu, wadhamini waliotuleta huku, na saa za kuingia kazini. Tulikaa kitako tukajadiliana. Mmoja akasema yake, mwingine yake, kisha maneno yakaisha, na kila mtu akawa anamtazama mwenzake. Niliwaona, Mama. Tulikuwa sawasawa na wale jamaa waliojipanga nyuma ya mpigaji, mikono mitupu.

Hapo ndipo Hezron akasema polepole, akitazama sakafu, "Mara."

Mimi peke yangu ndiye niliyejua neno hilo linamgharimu nini. Tiketi yake ya Nairobi ilikuwa chini ya mto wake. Alikuwa amekwisha kukununulia blanketi. Nilimvuta ngazini nikamwambia, Hezron, kaburi la baba yako. Akanijibu kwamba baba yake anamjua, anaweza kumngoja, lakini huyu hana wa kumgeuza kesho asubuhi. Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo linalomla mpaka leo: kwamba mzee alikuwa anaomba msaada, na yeye akamfanyia utani.

Bosi wake alidhani kichaa kimempanda. Alimwambia, halas, basi, mwezi ni wako, ukitaka kuumalizia Baghdadiyah shauri yako. Wewe ukaambiwa bosi amekataa, kwa sababu Hezron aliona ni afadhali umchukie Mwarabu usiyemjua. Hakukisia kwamba hasira ingempita Mwarabu na kumfikia yeye.

Sitakuchosha na mwezi ule. Alimnyoa. Alimlisha kwa kijiko. Alimfulia. Yule Hezron wako ambaye alikuwa akiambiwa aoshe vikombe anaumwa kichwa. Wa hospitali walisema mkono ule upewe kitu cha kufinya, naye akaupa ule mpira wa utepe. Uliangukia kitandani, ukaangukia sakafuni, ukaingia uvunguni. Hezron aliingia uvunguni kuutoa, akaurudisha kiganjani, na kila ukianguka alimtukana Chacha kwa matusi yaleyale ambayo Chacha aliwatukana wachezaji, mikono ya siagi, mikono ya bibi harusi. Mzee alicheka kwa nusu ya mdomo. Siku chache kabla ya safari, mpira ulikaa. Haukukaa sana. Lakini ulikaa.

Na siku ile iliyopangwa ya kaburi, Mama, ile ya viti na mchungaji, Hezron aliamka akavaa lile shati jeupe alilolishonesha kwa ajili ya sherehe. Alimlisha mzee uji akiwa amelivaa. Uji ulimwagika juu yake. Hakulivua mpaka jua lilipotua.

Mwisho wa mwezi tuliazima gari tukampeleka Riyadh. Mimi niliomba zamu nikaenda nao. Ni safari ya mchana mzima, tukapandia milima ya Taif na kisha mchanga, na mchanga, na mchanga. Chacha tulimketisha mbele, kiti kimelazwa, mpira wake mapajani. Waqas alitupokea nje ya makazi ya kampuni yao. Kijana mpole. Alimbusu baba yake, akatushukuru kwa Kiarabu cha kuungaunga kama chetu.

Tulipotaka kuondoka, Chacha alimshika Hezron mkono wa shati kwa ule mkono wake wa kushoto uliobaki mzima. Akasema, "Mera."

Waqas aliona haya. Akatuambia, "Msimjali, kaka. Kila kitu anasema hivyo."

Hezron akamjibu, "Hapana. Hapa amesema sawasawa."

Walifika Sialkot salama. Mkewe alimwona, majirani walimwona, na kwa kuwa mji ule hushona mipira ya kriketi, tuliletewa picha yake barazani akiwa na mpira mpya wa ngozi kwenye mapaja. Tukadhani tumeushika. Juzi Jumatano Waqas ameandika kwamba kiharusi kingine kimekuja, na Chacha amefariki. Wamemzika siku hiyohiyo.

Hezron alisoma ujumbe, akanipa simu niusome, akageukia ukuta. Anakwenda kazini, anarudi, anageukia ukuta. Jana usiku ndipo aliposema, akiuambia ule ubao wa kati yetu, si mimi, kwamba ameangusha yote mawili. Mzee wa watu hakupona, na baba yake mwenyewe bado yuko chini ya udongo mtupu, na mama yake hashiki simu.

Mimi sina dawa. Nimekaa tu hapa nikiirudia ile Ijumaa kichwani, kama Chacha alivyorudia mechi zake. Matokeo nayajua. Bado kila gilasi inapomtoka mkononi nanyoosha mkono.

Ningependa kukuomba mambo mawili. La kwanza, saruji iliyoganda msiitupe, itafaa kuzibia lile shimo la langoni. Tutatuma nyingine Aprili, na Hezron atakuja nayo au baada yake, hilo nalibeba mimi. Waambie wazee kifungua mimba hakukataa, alikuwa na mgonjwa. Wao wanajua kungoja mtu mwenye mgonjwa.

Nisalimie Valary na umwambie mdomo wake umenisaidia kwa mara ya kwanza. Nisalimie Zacharia na watoto wote, na Mama Selipher wa kwa duka, ambaye natumaini ndiye aliyeleta habari za yule Mhabeshi, ili nami niwe na wa kumletea zawadi ya chumvi. Mungu akulinde mguu, akulindie na ng'ombe, na amweke pema yule mzee aliyekuwa baba mdogo wetu huku bila kuambiwa na mtu.

La pili ndilo hili. Jumapili baada ya ibada Hezron atapiga simu, kama anavyopiga kila Jumapili, na itaita mpaka ikate, kama inavyokata kila Jumapili. Safari hii naomba uishike. Usimuulize kwa nini hakuja. Usimwambie pole, atajua nimeandika. Atakusalimia, kisha atanyamaza, maana hana la kusema. Wewe mwambie neno moja tu, kwa lugha yetu, lile lile la Chacha. Hilo atalidaka.

Ni mimi mwana wa dada yako, nikupendaye hata usiposhika simu,

Elly